Kodi ya zawadi za kubashiri: Mtaji wa mpunga usigeuke mkeka

MBEYA NA IRINGA

Mpunga wa Mbarali na Kyela ukishavunwa, fedha taslimu huzunguka kwa wingi Mwanjelwa, Kabwe, Uyole na hadi Tunduma mpakani. Iringa nako hali ni hiyo hiyo pale mahindi, viazi na mbao za Mafinga zinapopata wanunuzi, na pilikapilika husikika Mashine Tatu na Miyomboni. Kati ya kuuza na kununua tena mzigo, mfanyabiashara hukaa na fedha mkononi kwa wiki mbili au tatu akisubiri bei itulie.

Ni katika wiki hizo ambapo sehemu ya mtaji hupata njia nyingine. Vibanda vya kubashiri matokeo ya mpira havikosekani karibu na masoko, na simu ya mkononi imekifanya kila kiti cha dukani kuwa kibanda. Mwenye duka anatengeneza mkeka asubuhi, na jioni anaangalia kama umeshinda au umechanika.

Swali linalozungumzwa kidogo ni la kodi. Mkeka ukishinda, Serikali inachukua nini? Je, mshindi aandike ushindi huo kwenye ritani yake ya mapato? Mikeka kumi ikichanika, hasara hiyo inaweza kupunguza kodi ya duka? Majibu yanamhusu kila mwenye mtaji mdogo, kwa kuwa kosa la hesabu hapa huliwa na mtaji wenyewe.

KODI MBILI, MIFUKO MIWILI

Michezo ya kubahatisha Tanzania Bara inasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyoanza kazi mwaka 2003 na kuunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Bodi ndiyo inayotoa leseni. Kwa miaka mingi ilikuwa pia ikikusanya kodi ya michezo hiyo, lakini kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/18 kazi ya kukusanya ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA.

Kodi zenyewe ni mbili na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza inamhusu mwendeshaji, yaani kampuni. Hii hutozwa kwenye mapato ghafi ya mchezo: jumla ya fedha zilizowekwa na wachezaji, ukitoa zile zilizolipwa kwa washindi. Mchezaji haioni kodi hii kwenye risiti yake, ingawa ukweli ni kwamba imo ndani ya bei ya odi anayopewa.

Ya pili inamhusu mshindi. Hii hukatwa kwenye zawadi kabla fedha hazijaingia kwenye simu au mkononi mwake. Kampuni ndiyo inayokata na kuipeleka TRA. Kwa hiyo, aliyeshinda kwa kampuni yenye leseni anapokea fedha zilizokwisha kukatwa kodi, na halazimiki kwenda ofisi ya TRA ya mkoa kujieleza kwa ushindi ule.

Kiwango hakijakaa mahali pamoja. Katika bajeti ya Juni 2021, kwa mfano, Serikali ilitangaza kushusha kodi ya zawadi kwenye michezo ya kubashiri kutoka asilimia 20 hadi 15, na sehemu ya kodi ya michezo hiyo ikaelekezwa kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Bajeti za baadaye zimekigusa tena, na zawadi za kasino zimekuwa na kiwango chake tofauti. Kinachotumika ni kiwango kilichopo siku ya malipo. Mwenye kupiga hesabu kwa kiwango cha mwaka juzi anajidanganya, na Sheria ya Fedha ya kila Julai inafaa kusomwa kama inavyosomwa bei ya dizeli.

Katika mifano ya ukurasa huu tunatumia asilimia 10 na 15, ili msomaji aone uzito wa kila kiwango.

HESABU YA MKEKA MMOJA

Tuseme muuza mchele wa Mwanjelwa ameweka sh. 10,000 kwenye mkeka wenye odi 45. Mkeka umeshinda. Malipo ghafi ni sh. 450,000. Ukitoa fedha yake mwenyewe, ushindi halisi ni sh. 440,000.

Kodi ya asilimia 10 juu ya ushindi huo ni sh. 44,000, naye ataondoka na sh. 406,000. Kwa asilimia 15 kodi ni sh. 66,000, na ataondoka na sh. 384,000. Hapo hajalipa gharama ya kutoa fedha kwa wakala.

Jambo la kuangalia sana ni msingi wa kodi: je, asilimia inapigwa kwenye ushindi baada ya kutoa fedha iliyowekwa, au kwenye malipo yote? Kwa odi kubwa tofauti ni ndogo. Katika mfano huu asilimia 10 ya malipo yote ni sh. 45,000, yaani zaidi kwa sh. 1,000 tu.

Kwa odi ndogo mambo hugeuka. Mtu anayeona timu kubwa haiwezi kufungwa anaweka sh. 100,000 kwa odi 1.10. Timu inashinda na malipo ni sh. 110,000. Kodi ya asilimia 10 ikipigwa kwenye faida ya sh. 10,000, anakatwa sh. 1,000. Ikipigwa kwenye malipo yote, anakatwa sh. 11,000 na kurudi nyumbani na sh. 99,000. Ameshinda, na bado amepata hasara ya sh. 1,000.

Hiyo si hadithi ya kubuni. Nchini Kenya ubishi wa namna hiyo ndio uliotikisa biashara nzima ya kubashiri.

FUNZO KUTOKA KENYA

Mwaka 2019 Mamlaka ya Mapato ya Kenya na kampuni za kubashiri zilivutana vikali juu ya kodi ya asilimia 20 ya ushindi, na moja ya hoja ilikuwa ni hiyo: fedha aliyoweka mchezaji ihesabiwe kuwa sehemu ya ushindi au la. Julai mwaka huo Serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Ikaja pia kodi ya bidhaa ya asilimia 20 juu ya kila fedha inayowekwa, na Septemba 2019 SportPesa ikatangaza kusimamisha shughuli zake nchini humo.

Wapenzi wa mpira wa Tanzania waliifahamu vizuri kampuni hiyo. Mwaka 2017 ilidhamini Simba na Yanga kwa wakati mmoja, na Julai mwaka huo ikawaleta Everton wa Uingereza Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia.

Kodi ile juu ya fedha inayowekwa ilifutwa Kenya mwaka 2020, ikarudishwa mwaka 2021 kwa asilimia 7.5, ikapanda hadi 12.5 mwaka 2023, na 15 mwishoni mwa 2024. Kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ikabadili mfumo: asilimia 5 ya kodi ya bidhaa kwenye fedha inayoingizwa kwenye akaunti ya mchezo, na asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye fedha inayotolewa, badala ya asilimia 20 ya ushindi.

Mwenye akili ya biashara ataona maana yake. Mfumo wa namna hiyo unamkata mchezaji akiingia na akitoka. Aliyeingiza sh. 100,000, akabadili mawazo na kutaka kutoa fedha yake, naye ameguswa. Kwa wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini wanaovuka mipaka kwa kazi, funzo ni kwamba kanuni za nchi moja haziendi na mtu hadi nchi nyingine.

HASARA HAIKATWI

Hapa ndipo wengi huumia. Kodi ya zawadi hupigwa kwa kila ushindi peke yake. Haingoji mwisho wa mwaka kuona kama mchezaji amepata au amepoteza.

Chukua mtu aliyeweka mikeka 50 ya sh. 10,000 kwa miezi mitatu. Jumla ni sh. 500,000. Mikeka 48 imechanika na 2 imeshinda, kila mmoja ukilipa sh. 270,000. Malipo ghafi ni sh. 540,000. Bila kodi, amepata faida ya sh. 40,000.

Sasa weka kodi. Ushindi wa kila mkeka, ukitoa fedha iliyowekwa, ni sh. 260,000, na wa yote miwili ni sh. 520,000. Asilimia 10 yake ni sh. 52,000. Anabaki na sh. 488,000, yaani hasara ya sh. 12,000. Kwa asilimia 15 kodi ni sh. 78,000 na hasara inafika sh. 38,000. Mikeka ile 48 haikumsaidia popote kupunguza kodi.

Linganisha na biashara. Mfanyabiashara anayetayarisha hesabu kamili hutoa gharama za mzigo, usafiri, pango na mishahara kabla ya kutozwa, na hasara ya mwaka mmoja inaweza kusogezwa mwaka unaofuata. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakubali gharama zilizotumika zote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato ya biashara. Mkeka uliochanika si gharama ya kuuza mchele. Anayeuandika kwenye daftari kama "matumizi ya duka" anajitafutia adhabu.

KABLA YA KODI KUNA UJIRA WA KAMPUNI

Kodi si mkato wa kwanza. Mkato wa kwanza umo ndani ya odi. Tuseme mechi imepewa odi 2.10 kwa wenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa wageni. Mtu akigawa fedha zake kwa uwiano ili apate malipo yale yale kwa matokeo yoyote, kwa kila sh. 100 atarudishiwa kama sh. 92. Hizo nane ni za kampuni.

Mkeka wa mechi tano zenye odi za namna hiyo huuzidisha mkato huo mara tano. Kwa wastani wa muda mrefu, katika kila sh. 100 inarudi kama sh. 67, na hapo kodi ya zawadi haijaguswa. Hakuna mnunuzi wa viazi Iringa ambaye angekubali gunia linalopoteza theluthi ya uzito njiani kila safari.

UKICHANGANYA FEDHA, TRA ITAULIZA

Hatari nyingine haiko kwenye mkeka bali kwenye daftari. Wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi sh. milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo yao. Wengi wao hutumia simu moja na akaunti moja ya benki kwa duka, nyumba na mikeka.

Ushindi mkubwa ukiingia kwenye akaunti hiyo, taarifa ya benki itaonyesha fedha nyingi kuliko mauzo yaliyotajwa. Ofisa wa kodi akizikuta atauliza zimetoka wapi, na ana haki ya kudhani ni mauzo yaliyofichwa. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uko kwa mlipakodi. Asipokuwa na karatasi, anaweza kutozwa mara ya pili kwa fedha ambazo kodi yake ilishakatwa na kampuni ya michezo.

Akikadiriwa hivyo, ana siku 30 za kuweka pingamizi, na kwa kawaida hutakiwa kwanza kulipa kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea ipi kubwa. Kwa mwenye mtaji wa milioni tatu, kutafuta theluthi hiyo katikati ya msimu wa kununua ni sawa na kufunga duka.

Dawa yake ni ndogo. Atunze taarifa ya malipo inayoonyesha jina la kampuni, tarehe, ushindi ghafi na kodi iliyokatwa. Atumie laini au akaunti tofauti. Na kumbukumbu zisitupwe kabla ya miaka mitano, kwa kuwa huo ndio muda ambao sheria ya usimamizi wa kodi inamtaka mlipakodi kuzihifadhi.

Ikumbukwe pia kwamba fedha ya ushindi ikishatolewa kodi na kuingizwa kwenye mradi, mapato ya mradi ule hutozwa kama mapato mengine. Nyumba ya kupangisha Ipogolo iliyojengwa kwa fedha za mkeka italipiwa kodi ya pango kama nyumba ya jirani.

KUBASHIRI BEI: MCHEZO WA LONDON

Kundi dogo la vijana wasomi wa simu sasa halibashiri mabao bali bei: dhahabu, mafuta, dola dhidi ya sarafu nyingine. Baadhi yao wamesoma kwenye mitandao ya Uingereza kwamba faida ya namna hiyo haina kodi, na wanaamini inawahusu.

Habari yenyewe ina mzizi wa kweli. Mwaka 1974 Stuart Wheeler alianzisha London kampuni ya IG Index, ili watu wabashiri bei ya dhahabu bila kuinunua, wakati sheria za fedha za kigeni za Uingereza ziliufanya ununuzi wa dhahabu kuwa mgumu. Mteja huweka kiasi fulani cha fedha kwa kila pointi. Bei ikienda upande wake pointi 30, anapata mara 30 ya kiasi hicho. Ikienda upande mwingine, anadaiwa vivyo hivyo.

Sheria ya Uingereza huona jambo hilo kuwa ni dau. Tangu hukumu ya Graham dhidi ya Green mwaka 1925, mchezaji wa kawaida hatozwi kodi ya mapato kwa ushindi wake, na tangu Oktoba 2001 hata ushuru uliokuwa ukimfikia mchezaji dukani uliondolewa na kubaki kwa kampuni. Kampuni za kubashiri bei za fedha hulipa asilimia 3 ya mapato yao ghafi. Lakini kuna upande wa pili: kwa kuwa faida haitambuliwi, hasara nayo haitambuliwi. Na wanaopoteza ndio wengi. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilisema akaunti 74 hadi 89 katika kila 100 za wateja wadogo kwenye mikataba inayofanana na hiyo hupoteza fedha, na Agosti mwaka huo ikaweka kikomo cha mkopo wa kuchezea.

Nafuu ile ya kodi ni ya Uingereza. Mkazi wa Tanzania, awe Forest Mpya au Kihesa, anatozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima yatokanayo na biashara, ajira au uwekezaji. Anayenunua na kuuza mikataba ya bei kila siku ili apate riziki, faida yake inaweza kuhesabiwa kuwa mapato ya biashara, ambapo kiwango cha juu kwa mtu binafsi ni asilimia 30. Kampuni ya ng'ambo haimkatii kodi ya zawadi. Hivyo jukumu la kutangaza liko kwake mwenyewe.

Tovuti isiyo na leseni ya Tanzania ina tatizo jingine kubwa kuliko kodi. Isipolipa, hakuna Bodi wala ofisi ya kwenda kulalamika.

HISA NAZO ZIKOJE?

Kwa mwekezaji mdogo, inafaa kuweka njia zote kwenye mizani moja. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Mkazi akiuza hisa zake zilizoorodheshwa kwa faida, faida hiyo haina kodi. Riba ya fedha zilizowekwa benki hukatwa asilimia 10.

Kwa lugha ya fedha mkononi, gawio la sh. milioni 1 hukatwa sh. 50,000. Ushindi wa mkeka wa sh. milioni 1 hukatwa sh. 100,000 kwa asilimia 10, au sh. 150,000 kwa asilimia 15. Tena mwenye hisa baada ya gawio bado ana hisa, wakati mwenye mkeka baada ya malipo hana mkeka.

Hii haina maana kwamba hisa hazipotezi. Walionunua Vodacom Tanzania kwa sh. 850 mwaka 2017 waliona bei ikikaa chini ya hapo kwa miaka. Lakini waliendelea kuwa wamiliki wa kampuni, na aliyehitaji kuuza alijua apeleke wapi.

USHAURI KWA WIKI HII

Anayebashiri kwa burudani atenge kiasi ambacho kikipotea, gunia la mpunga bado litanunuliwa. Kabla ya kuweka fedha, asome kwenye masharti ya kampuni kodi inapigwa kwenye ushindi au kwenye malipo yote, na ahakikishe kampuni ina leseni ya Bodi. Odi za chini sana zinahitaji tahadhari ya kipekee, kwa kuwa faida yake ni nyembamba na kodi huila haraka.

Aliyeshinda fedha nyingi aombe taarifa ya makato siku hiyo hiyo, aitenge na fedha za duka, na kama hana uhakika amwone mshauri wa kodi kabla hajanunua kiwanja au lori.

Mtaji wa msimu una kazi yake. Mpunga ulionunuliwa Ubaruku wakati wa mavuno hauna uhakika wa bei, lakini bei ikianguka magunia bado yamo ghalani na yanaweza kusubiri. Mkeka ukichanika saa tatu usiku, asubuhi hakuna cha kupeleka sokoni.